Kiwango salama cha chai kwa siku

Kiwango salama cha chai kwa siku ni kiasi cha chai ambacho mtu anaweza kunywa kila siku bila kudhuru afya yake. Kwa mtu mzima mwenye afya njema vikombe 3 au 4 vya kawaida havina neno, na kwa kuangalia kafeini peke yake hata vikombe 8 kwa kawaida havivuki mpaka unaokubalika. Hata hivyo idadi ya vikombe haitoshi kupima usalama. Joto la chai inapofika mdomoni, sukari iliyomo, muda unaopita kati ya chai na chakula, pamoja na hali ya mnywaji mwenyewe (mjamzito, mtoto, mwenye upungufu wa damu) vina uzito mkubwa zaidi. Kaskazini mwa Tanzania, ambako chai huchemshwa na kunywewa ingali moto sana, ni joto hilo lililowavuta watafiti kuliko jambo lingine lolote.

Makala hii inahusu chai inayotokana na majani ya mchai (Camellia sinensis). Vinywaji vya mchaichai, tangawizi na vinginevyo vinavyoitwa chai vimetajwa mwishoni.

Chai Mombo na Usambara

Mombo ni mji mdogo wa Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, chini ya Milima ya Usambara Magharibi. Hapo ndipo barabara ya kupanda Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Kwa sababu hiyo mji umezoea wasafiri: mabasi husimama muda mfupi, abiria hushuka kununua chakula na chai, kisha honi hupigwa na safari huendelea. Mombo penyewe ni joto na tambarare, hapaoti michai. Michai iko juu milimani, penye mvua na ubaridi: upande wa magharibi katika eneo la Bumbuli, ambako kuna Mponde na Herkulu, na upande wa mashariki katika safu ya Amani, wilayani Muheza. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, na sehemu hiyo ni miongoni mwa zile za kwanza nchini kujaribiwa zao la chai. Hadi leo Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania ina kituo Marikitanda, karibu na Amani.

Chai inayonywewa zaidi ni nyeusi, iliyosagwa ndogondogo viwandani. Isipotiwa maziwa huitwa chai ya rangi (katika pwani pia chai ya mkandaa, na nchini Kenya strungi au turungi). Chai ya maziwa hupikwa kwa kuchemsha maji, maziwa, majani na mara nyingi sukari katika sufuria moja. Viungo vinavyopendwa ni tangawizi, mdalasini na iliki, ambayo hulimwa Usambara Mashariki.

Namna hii ya kupika ina maana kwa afya. Majani madogo yaliyochemshwa kwa dakika kadhaa hutoa kafeini na tanini nyingi kuliko kifuko cha chai kilichochovywa katika kikombe kwa dakika moja. Vipimo vingi vinavyotajwa katika vitabu vya Ulaya vimetokana na kifuko hicho.

Tatizo jingine ni neno "kikombe". Kikombe cha chai chenye kisahani huchukua takriban mililita 200. Kikombe cha bati au cha plastiki cha nyumbani kinaweza kuchukua mililita 300 hadi 500. Mtu anayesema anakunywa vikombe vitatu kwa siku anaweza kuwa anakunywa chini ya lita moja, au lita moja na nusu.

Kafeini

Kafeini ni kemikali iliyomo katika majani ya chai ambayo huchangamsha mwili na kuondoa usingizi. Kikombe cha mililita 240 cha chai nyeusi huwa na miligramu 30 hadi 50 hivi, karibu nusu ya kikombe kama hicho cha kahawa. Chai iliyochemshwa sana huweza kuzidi kiasi hicho.

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Umoja wa Ulaya ilitoa maoni kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, zisizidi 200 kwa mara moja. Miligramu 400 zikigawanywa kwa 50 ni vikombe 8, na hapo ndipo inapotoka namba inayorudiwa mara kwa mara. Ni vizuri kukumbuka kwamba hesabu hiyo inajumuisha kahawa, soda aina ya kola na vinywaji vya kuongeza nguvu. Dereva wa masafa marefu aliyekunywa makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu amekwisha kutumia sehemu kubwa ya kiasi chake kabla ya kugusa chai.

Dalili za kuzidisha ni kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, wasiwasi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nusu ya kafeini huondoka mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo chai nzito ya saa mbili usiku ingalipo damuni saa saba. Watu hutofautiana sana: wapo wanaolala vizuri baada ya vikombe viwili vya jioni, na wapo wanaokesha kwa kimoja. Aliyezoea chai nyingi akiiacha ghafla huweza kuumwa kichwa kwa siku chache. Ni vema kupunguza kidogo kidogo.

Joto la chai na saratani ya umio

Umio ni mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani yake hutokea kwa wingi usio wa kawaida katika ukanda wa Afrika unaoanzia Ethiopia na kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Ni ugonjwa mbaya, kwa kuwa dalili yake kuu, yaani kumeza kwa shida, mara nyingi hujitokeza wakati uvimbe umekwisha kuwa mkubwa. Mgonjwa huanza kukwama kwa ugali au nyama, baadaye uji, mwishoni hata maji.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto la zaidi ya 65 °C huenda kunasababisha saratani ya umio. Neno "huenda" hapa lina maana maalumu: ushahidi kwa binadamu upo lakini una mipaka. Tangazo hilo halikuilaumu chai yenyewe. Kahawa, na pia mate (kinywaji cha majani cha Amerika Kusini) kikinywewa bila moto mkali, havikuwekwa katika kundi hilo. Kinachoshukiwa ni kuunguza utando wa umio tena na tena kwa miaka mingi.

Je, watu wa kaskazini mwa Tanzania hunywa chai ya joto gani? Swali hili lina jibu lililopimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuata wakazi 188 wa Mkoa wa Kilimanjaro, jirani wa Tanga upande wa kaskazini, na kupima joto la chai walipopiga funda la kwanza. Wastani ulikuwa 70.6 °C, juu kuliko ilivyopata kupimwa katika tafiti za awali za nchi nyingine. Wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa moto zaidi kwa karibu 2 °C kuliko wanywaji wa chai ya rangi, hasa kwa kuwa chai ya rangi ilipoa mara mbili kwa haraka. Wanaume walielekea kuanza mapema na kumaliza kikombe kwa haraka kuliko wanawake. Katika wanywaji wa chai ya maziwa, asilimia 70 walisema wamewahi kuungua ulimi. Kwa chai ya rangi walikuwa asilimia 39.

Jambo la maziwa linastahili kuangaliwa, maana wengi hudhani maziwa "hupooza" chai. Ni kweli kwa Waingereza, ambao humimina maziwa baridi katika kikombe cha chai. Katika Afrika ya Mashariki maziwa huchemka pamoja na maji, basi hayapoozi chochote.

Tafiti zilizofuata zililinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo. Ule wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliosema wanakunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari mara kadhaa ya wengine. Mwaka 2022 matokeo ya Tanzania na Malawi yalielekea upande huohuo. Nchini Iran, katika mkoa wa Golestan, watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa mililita 700 au zaidi za chai kwa siku yenye 60 °C au zaidi walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wale waliokunywa chini ya kiasi hicho ikiwa imepoa zaidi.

Saratani ya umio ina visababishi vingine pia, vikiwemo tumbaku na pombe, na wengi wa wanaokunywa chai moto hawaipati kamwe. Hata hivyo hii ndiyo hatari iliyo rahisi kuepuka kuliko zote, kwa sababu haimtaki mtu apunguze hata kikombe kimoja. Kusubiri dakika chache kikombe kikiwa wazi kunatosha. Njia za zamani nazo zinafaa: kumimina chai katika kisahani na kuinywa humo, kama wazee wengi walivyofanya, au kuihamisha kutoka kikombe hadi kikombe. Chai inayotoka moja kwa moja katika chupa ya chai huwa bado moto sana hata kama ilipikwa saa moja kabla. Alama ya kawaida ni hii: chai inayolazimu kupulizwa au kuvutwa kwa sauti ili isiunguze midomo bado haijafika wakati wake.

Hapo ndipo kituo cha basi kinapokuwa mahali pabaya pa kunywea chai. Abiria ana dakika kumi, chai imetoka jikoni sasa hivi, na hataki kuiacha kwa kuwa ameilipia. Kumwomba mwuzaji kikombe kingine kitupu cha kupoozea ni bora kuliko kuimaliza kwa mafunda ya haraka. Kuhusu mwinuko, maji huchemka karibu 95 °C Lushoto, iliyo juu mita 1,400 hivi, na kati ya 98 na 99 °C Mombo. Tofauti hiyo haimkingi mtu wa mlimani, kwa kuwa nyuzi zote hizo ziko mbali sana juu ya 65.

Chai na upungufu wa damu

Tanini na polifenoli nyingine za chai hujishikiza na madini ya chuma yaliyomo katika vyakula vya mimea, na hivyo kuyazuia yasifyonzwe na utumbo. Kikombe cha chai kinachonywewa pamoja na mlo huweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Madini ya chuma yaliyo katika nyama na samaki hayaathiriki sana.

Kwa mtu anayekula nyama mara nyingi jambo hili ni dogo. Si dogo kwa kaya ambayo chuma chake chote hutoka katika maharage, mchicha, mnafu na kisamvu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49, na kwa asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59. Katika maeneo ya tambarare kama Mombo malaria nayo huharibu chembe nyekundu za damu. Tafiti zilizofanywa Usambara zimeonyesha kwamba maambukizi ya malaria hupungua sana kadiri mtu anavyopanda mlima. Chai haileti upungufu wa damu peke yake, bali humwongezea mzigo mtu ambaye tayari amelemewa.

Dawa yake ni muda. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 uliofanywa Uingereza kwa wanawake wenye afya ulionyesha kwamba chai iliyonywewa saa moja baada ya chakula ilizuia ufyonzaji kwa kiasi kidogo kuliko ile iliyonywewa papo hapo na chakula. Kwa hiyo chai ya saa nne asubuhi au ya saa kumi jioni ina madhara madogo kuliko chai inayoteremshia ugali wa mchana. Vitamini C hufanya kazi kinyume cha tanini: limau katika chai ya rangi, chungwa la Muheza au matunda ya Lushoto baada ya kula husaidia chuma kufyonzwa.

Wajawazito na watoto

Kwa mjamzito mipaka ni midogo zaidi. Mamlaka ya Ulaya iliyotajwa hapo juu inaweka miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani vikombe 4 hivi vya chai isiyo nzito. WHO huwashauri wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kupunguza, ili kulinda mimba na uzito wa mtoto anapozaliwa. Mwili wa mjamzito huondoa kafeini polepole kuliko wa watu wengine, hasa miezi ya mwisho.

Lakini kwa mjamzito wa Tanzania suala la damu hutangulia lile la kafeini. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki, maarufu kama FEFO, havipaswi kumezwa kwa chai. Humezwa kwa maji, na chai husubiri angalau saa moja. Mama anayevimeza kila asubuhi na chai ya maziwa, kwa nia njema ya kutosahau, anapoteza sehemu ya faida yake.

Mtoto mchanga hapaswi kupewa chai kabisa: hadi miezi 6 hunyonya maziwa ya mama tu. Baada ya hapo pia wataalamu wa lishe hawashauri chai kwa watoto wadogo. Hujaza tumbo bila kulisha, na huzuia chuma wakati mwili unakihitaji sana. Kikombe cha maziwa au uji ni bora. Kwa mtoto mkubwa kidogo kipimo cha kafeini kinachotumika ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 hufikia mpaka kwa kikombe kimoja na kidogo cha chai nzito.

Sukari

Kwa wanywaji wengi sukari ndiyo inayofikia kikomo kwanza, mbali kabla ya kafeini. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Vikombe 5 vyenye vijiko 3 kila kimoja ni gramu 60. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na unasema ingekuwa bora zaidi isizidi 25. Hapo maandazi, soda na biskuti havijahesabiwa. Katika migahawa mingi chai ya maziwa hutiwa sukari sufuriani, na mteja hana la kuchagua. Chai ya rangi humwachia kijiko mkononi mwake.

Waliozidisha mno

Vitabu vya tiba vina visa vichache vya watu waliougua kwa chai yenyewe, na vyote ni vya kiasi kisicho cha kawaida. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke wa miaka 47 ambaye kwa miaka 17 alikunywa kila siku jagi la chai lililotengenezwa kwa vifuko 100 hadi 150. Mifupa yake iliharibiwa na floridi, madini ambayo mchai huyakusanya katika majani yake. Mwaka 2015 ilielezwa habari ya mwanamume wa Arkansas, Marekani, mwenye miaka 56, aliyekunywa bilauri 16 za chai baridi kwa siku. Figo zake zilishindwa kufanya kazi kwa sababu ya oksalati nyingi.

Kisa cha floridi kina maana ya pekee kwa baadhi ya sehemu za Tanzania. Mikoa ya Arusha na Manyara na sehemu za Kilimanjaro ina maji yenye floridi nyingi kutokana na miamba ya volkeno, na chai iliyopikwa kwa maji hayo huongeza juu ya kilichopo. Milima ya Usambara si ya volkeno.

Faida

Chai haina hatari tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia karibu watu 500,000 nchini Uingereza, ulikuta kwamba waliokunywa vikombe 2 au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufa mdogo kwa asilimia 9 hadi 13 katika kipindi cha utafiti kuliko wasiokunywa chai. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowalinda, na maisha ya Waingereza hao hayafanani na ya Lushoto. Unaonyesha angalau kwamba vikombe kadhaa kwa siku havikuwafupishia umri. Tena chai huchemshwa, na mahali ambapo maji ya bomba au ya kisima hayaaminiki, kinywaji kilichochemka ni salama kuliko maji mabichi.

Vinywaji vingine vinavyoitwa chai

Chai ya mchaichai, ya tangawizi tupu na ya rozela (choya) hazina kafeini, kwa hiyo hufaa jioni na kwa wanaokosa usingizi. Chai ya kijani hutoka katika mchai uleule na ina kafeini na tanini pia. Joto na sukari huhesabiwa kwa zote sawasawa: mchaichai wa 75 °C huunguza umio kama chai ya rangi ya 75 °C.